Tippu Tip anatusimulia Kasongo: tujifunze kumsoma kabla ya kumwamini



Kwetu kuna ubishi usioisha. Weka vijana watano wa Kasongo pamoja, taja jina la Tippu Tip, utaona. Mmoja atasema yule bwana njo alijenga mji wetu, akatuletea mpunga, dini na Kiswahili. Mwingine atasema hapana, yule aliuza babu zetu kama mbuzi, kuna nini cha kusifu? Watapigana maneno mpaka usiku. Ukiwauliza, “Ninyi wote, nani amesoma maneno yake mwenyewe?”, kimya. Hakuna.

Kumbe maneno yake yapo. Na yako kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa wala Kiarabu. Leo nataka tuyaangalie, si kwa kuuliza kwanza kama alikuwa mtu mzuri au mbaya, lakini kwa kuuliza: anasimulia namna gani? Anatumia mbinu gani? Anatuonyesha nini, na anaficha nini?

Mtaniuliza: wewe ni mtu wa agronomi, fasihi inakuhusu wapi? Jibu langu ni fupi. Kwa lisansi yetu tulifundishwa kwamba udongo hausomwi kwa kuangalia juu tu. Unachimba shimo, unashuka ndani, unaangalia tabaka moja baada ya lingine: hapa maji yamepita, hapa moto umepita, hapa mtu amelima. Maandishi ya zamani ni vile vile. Juu unaona majani ya kijani. Chini kuna hadithi nyingine.

1. Kitabu chenyewe

Jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Zanzibar miaka ya 1830, akafariki Zanzibar mwezi wa 6, mwaka 1905. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, akiwa mzee, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, aliyageuza kwa herufi tunazotumia leo, akayachapa pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley alitoa tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, na padri François Bontinck akatoa ya Kifaransa kule Brussels mwaka 1974. Ile ya Bontinck inatufaa sana sisi Wakongomani, kwani ina maelezo mengi juu ya watu na mahali petu.

Kwa hiyo ni moja kati ya maandishi ya kwanza ya nathari ya Kiswahili ambamo mtu anasimulia maisha yake mwenyewe. Kabla ya pale, pwani walizoea kusimulia mambo makubwa kwa utenzi: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani nane, mitatu ya kwanza inafanana kina, wa nne unabeba kina kinachorudi mpaka mwisho wa shairi. Utenzi wa Tambuka, ule wa Pate, una tarehe ya 1728. Na wakati ule ule Tippu Tip alipokuwa akimaliza mambo yake ya Kongo, kule Mrima Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya 1888 na 1889 dhidi ya Wajerumani. Tippu Tip hakufuata njia ile. Yeye alisimulia kwa maneno ya kawaida, kama mzee aliyekaa barazani.

Na njo pale hatari inaanza. Shairi likija na vina na mizani, unajua mara moja kwamba mtu amelitengeneza. Lakini mzee akizungumza maneno ya kawaida, unasahau kwamba hata yeye anatengeneza.

2. Waingereza wanaingia hapa kwa nini?

Wale kati yenu waliosoma idara ya Kiingereza wanajua kilio: kwa nini tusomeshwe mashairi ya Uingereza ya miaka 600 au 1,000 iliyopita, sisi watu wa Maniema? Hata mimi nilikuwa nikiwacheka wenzangu waliokuwa wakikariri majina ya mbinu za ushairi ule usiku wa mtihani. Lakini hebu tuangalie kidogo.

Mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza. Tangu pale, kwa karibu miaka 300, wakubwa walisema Kifaransa, makanisa na wasomi waliandika Kilatini, na Kiingereza kikabaki lugha ya shamba, ya jikoni, ya soko. Ilifika mpaka 1362 ndipo sheria ikaruhusu watu wasemewe kwa Kiingereza mbele ya hakimu. Halafu Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, akaandika kazi kubwa kwa ile lugha ya watu wa chini, iliyokwisha kuchanganyika na maneno mengi ya Kifaransa.

Si mnaona? Kiingereza kilikuwa Kingwana cha wakati ule. Lugha ya mchanganyiko, inayochekwa na waliosoma, lakini inayosemwa na wote sokoni. Leo mtu wa Dar es Salaam akitusikia anasema tumeharibu Kiswahili, na mtu wa Kinshasa anafikiri Kifaransa tu njo kinaweza kubeba mawazo mazito. Historia ya Kiingereza inawajibu wote wawili: lugha haipati heshima kwa kuwa safi, inaipata watu wanapoamua kusimulia mambo yao makubwa ndani yake.

Na jambo la pili: wasomi wa mashairi yale walitengeneza majina ya mbinu za kusimulia. Mbinu zenyewe si za Waingereza. Ziko kila mahali watu wanapokaa na kusimuliana. Majina yale ni kama jembe: halina kabila. Tulichukue tukalime kwetu.

3. Jina lenye sauti

Tuanze na jina. Mashairi ya zamani kabisa ya Kiingereza, kama Beowulf, hayakutegemea vina vya mwisho. Yalitegemea takriri ya konsonanti: maneno ya mshororo mmoja yanaanza kwa sauti moja, yanapiga kama ngoma. Na shujaa au kitu hakiitwi kwa jina lake tu, kinapewa jina la sifa. Bahari inaitwa njia ya nyangumi. Mfalme anaitwa mgawa pete.

Kwetu mashariki mbinu hii tunaijua. Masimulizi ya Mwindo ya Wanyanga yalisimuliwa na mzee Shekarisi Rureke mwaka 1956, yakachapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Shujaa wao hachoki kujiita Kabutwakenda, yaani kadogo kaliyezaliwa kakatembea hapo hapo. Kila jina lile linaporudi, msikilizaji anakumbushwa muujiza wa mwanzo.

Sasa, “Tippu Tip” ni nini? Ni tanakali ya sauti na takriri pamoja. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba jina lilitoka kwa watu waliokimbia bunduki zake katika vita vya Nsama, mwaka 1867, kule Itabwa: walisema bunduki za huyu mtu zinalia tip, tip. Wengine wamesema jina lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Lakini yeye alichagua maelezo ya bunduki.

Simama kidogo hapa. Jina la macho yanayopepesa ni jina la utani, lingemchekesha kila mtu. Jina la bunduki ni jina la shujaa. Na zaidi: anatuambia jina alipewa na wale alioshinda. Yaani watu wa Itabwa katika kitabu chote hawana nafasi kubwa ya kusema, lakini sauti yao inakuja pale, kwa kumsifu aliyewapiga. Hii ni mbinu kali sana. Mshindi anaweka sifa yake katika mdomo wa aliyeshindwa.

4. Tukaenda, tukafika, tukapiga

Mbinu ya pili iko katika kitenzi. Soma kurasa mbili tatu za kitabu kile utaona -ka- inafuata -ka-: wakaondoka, wakafika, wakapigana, wakashinda, wakapata pembe, wakaondoka tena. Tendo linawekwa kando ya tendo, bila “kwa sababu”, bila “ingawa”, bila “nilijisikia vibaya”. Wasimulizi wa zamani wa Ulaya nao walipenda kupanga mambo namna ile, moja kando ya lingine, bila kueleza yanavyoshikana.

Faida yake ni mwendo. Hadithi inatembea kama msafara, huchoki kusikiliza. Lakini angalia kazi nyingine inayofanya. “Tukapigana, wakakimbia, tukapata pembe”: katika sentensi kama hii, kuchoma kijiji kuna uzito sawa na kuvuka mto. Hakuna mahali pa kuuliza kwa nini. -Ka- haijibu “kwa nini”, inajibu tu “halafu”.

Karibu na hiyo kuna tabia nyingine ya ushairi wa kale wa Kiingereza: kusema kidogo juu ya jambo kubwa. Vita vya kutisha vinatajwa kana kwamba ni usumbufu mdogo. Tippu Tip ni fundi wa jambo hilo. Hapigi kelele. Hajisifu kwa maneno makubwa. Anasema kidogo, wewe msomaji unajaza. Na kwa kuwa wewe umejaza mwenyewe, unaamini.

5. Hadithi iliyoshinda nchi

Hapa njo pananoga zaidi. Chaucer katika kazi yake kubwa juu ya mahujaji wa Canterbury alitumia mbinu ya hadithi ndani ya hadithi. Mahujaji wanakutana katika nyumba ya wageni karibu na London, mwenye nyumba anapendekeza kila mtu asimulie njiani, na atakayeshinda atalipiwa chakula na wenzake. Kila hadithi inatoka mdomoni mwa mtu fulani: askari, mtawa, msagaji, mke wa mtu. Chaucer anajiweka mwenyewe kati yao, tena kama msimulizi mbovu, hata mwenye nyumba anamkatiza. Anatufundisha hivi: usisikilize hadithi tu, muangalie anayesimulia, na anataka nini.

Twende sasa kwa Tippu Tip. Miaka ya mwanzo ya 1870 alielekea Utetera. Kule kulikuwa na chifu mzee anayeitwa Kasongo Rushie. (Tusichanganye: huyu ni mtu, si mji wetu.) Tippu Tip anasimulia kwamba alisikia habari ya dada za chifu huyo waliochukuliwa zamani katika vita na watu wa Urua. Halafu anasimulia namna alivyowaeleza watu kwamba bibi yake mzaa mama alitoka kule Urua, akanunuliwa na babu yake, na kwamba bibi huyo njo dada ya chifu aliyepotea. Kwa hiyo yeye, Hamed, ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee Kasongo Rushie akakubali, akamkabidhi utawala, na pembe za nchi zikaanza kumwendea yeye.

Fikiri vizuri jambo hili. Nchi nzima imepatikana kwa hadithi. Si kwa bunduki kwanza, kwa hadithi. Na ile hadithi ina kila kitu ambacho masikio yetu yanapenda: mtoto wa dada aliyepotea, damu inayorudi, mjomba mzee anayengoja mrithi. Tippu Tip alijua masikio ya watu wale kama mkulima anavyojua shamba lake. Kweli au uongo, hadithi ilifanya kazi.

Sasa swali la Chaucer: msimulizi anayetuonyesha namna alivyosimulia hadithi moja ili apate nchi, sisi wasomaji wa hadithi yake kubwa tujiweke wapi? Tuko katika nafasi gani mbele yake? Sisi njo mzee Kasongo Rushie. Naye anataka kitu kwetu vile vile.

6. Upinde wa Lomami

Kuna kipande kimoja kinachonichekesha kila ninapokisoma. Mwezi wa 10, mwaka 1876, Stanley anafika eneo letu, anakutana na Tippu Tip. Anajigamba kwamba ana bunduki inayotoa risasi kumi na tano mfululizo. Tippu Tip, kwa utulivu, anajibu kwamba hata kule mto Lomami kuna upinde mmoja unaorusha mishale ishirini pamoja, na kila mshale unaua mtu wake. Stanley anasimama haraka, anatoka nje, anaanza kufyatua kuonyesha kwamba hasemi uongo.

Hii inaitwa kejeli. Hamtukani mgeni, hasemi “wewe ni muongo”. Anapandisha uongo juu ya uongo mpaka mwenzake anajiona mwenyewe. Wazee wetu ni mabingwa wa hii. Nani kati yetu hajawahi kujibiwa namna ile na babu yake?

Lakini chimbeni kidogo chini ya kicheko. Kipande kile kilisimuliwa lini? Karibu miaka 25 baada ya tukio. Na katika ile miaka 25 mambo gani yalipita? Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Leopold. Mwaka 1890 aliondoka Kasongo kwenda pwani, na Stanley alimfungulia mashtaka Zanzibar. Mwaka 1892 vita vikawaka. Tarehe 4 mwezi wa 3, mwaka 1893, Nyangwe ikaanguka. Tarehe 22 mwezi wa 4, Kasongo ikaingiliwa na jeshi la Dhanis. Mtoto wake Sefu aliuawa mwaka ule ule. Mwanzoni mwa 1894 Kabambare nayo ikachukuliwa.

Kwa hiyo mzee anayetuchekesha na upinde wa Lomami ni mtu aliyepoteza mji, mtoto na utajiri mkubwa. Wanafasihi wanatufundisha kutenganisha wakati wa tukio na wakati wa kusimulia. Katika tukio, Stanley ni mgeni mwenye shida anayehitaji watu wa kumsindikiza, na Tippu Tip ni mkubwa. Katika kusimulia, mambo yamegeuka. Kile kicheko kilikuwa silaha ya mwisho iliyobaki mkononi.

7. Wanaohesabiwa na wanaozungumza

Tabaka la chini kabisa ni lile la orodha. Mashairi ya kale yanapenda orodha: majina ya mababu, majina ya silaha, majina ya watu waliohudhuria karamu. Orodha inaonyesha kile ambacho msimulizi anaona kina thamani.

Kwa Tippu Tip tarehe ni chache sana. Bontinck na wengine walipata kazi kubwa kupanga miaka. Lakini frasila anazikumbuka! Baada ya vita vya Nsama, pembe alizopata zilikaribia frasila 2,000, yaani tani kama 30. Mzee anasahau mwaka, hasahau uzito. Majina ya wafanyabiashara anayataja pamoja na baba zao na kabila zao: fulani bin fulani. Lakini wale waliobeba zile tani 30 begani? Wanawake waliopelekwa? Watoto? Wanahesabiwa au hawatajwi. Hawana “bin”.

Ndugu zangu, pale njo sisi tuko. Wengi wetu wa Kasongo na Kabambare tunatoka kwa watu wasio na “bin” katika kitabu kile. Wengine wetu tunatoka kwa waungwana waliokuwa na bunduki. Na wengi zaidi, tuseme ukweli, tunatoka pande zote mbili kwa mara moja, kwa bibi huyu na babu yule. Ubishi wetu wa “alijenga” na “aliharibu” ni ubishi wa damu yetu wenyewe. Ndiyo maana una moto.

Mashahidi wengine wapo, nao wasomwe kwa macho yale yale. Livingstone alikaa Kabambare, yeye aliandika Bambarre, akiwa mgonjwa wa vidonda vya miguu kwa miezi mingi mwaka 1870. Mwaka uliofuata, tarehe 15 mwezi wa 7, aliona kwa macho yake watu wakipigwa risasi katika soko la Nyangwe, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula, na wengi wakazama mtoni wakikimbia. Ule ukurasa hauna -ka- ya utulivu; una mtu anayetetemeka. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi la Dhanis, aliandika kitabu mwaka 1897 ambamo anaisifu Kasongo: ghala za mpunga na mahindi, bustani za michungwa, miembe na mananasi. Mimi kama mtu wa kilimo ninafurahi kusoma hayo, kwani mpaka leo mpunga njo chakula na pesa yetu. Lakini naye ni msimulizi: jeshi lililokuja kuteka linafaidika kusema kile lilichoteka kilikuwa kizuri. Na je, nani alilima yale mashamba? Hinde anaona bustani, haoni mikono.

8. Nakala moja

Sasa niseme jambo ambalo linanikaa rohoni.

Beowulf, shairi lenye mishororo zaidi ya 3,000, lilibaki katika nakala moja tu duniani, iliyoandikwa karibu mwaka 1000. Mwaka 1731 nyumba iliyotunza vitabu vile London iliungua. Nakala ile iliponea kidogo, kingo zake zikaungua. Kama moto ungepita sentimita chache zaidi, leo hakuna mtu angejua kwamba shairi lile liliwahi kuwapo.

Kwetu, hadithi za wale wasio na “bin” hazikuandikwa. Ziko katika nakala moja moja. Nakala hizo ni wazee wetu. Katika kazi yangu na wakulima wa mpunga, kwenye barabara ya Kasongo na Kabambare, jioni jua likishuka nimesikia kina mama wazee wakisimulia. Wanakatiza hadithi kwa wimbo, watoto wanaitikia, kisha hadithi inaendelea kutoka pale pale. Ule wimbo si mapambo. Ndani ya wimbo mara nyingi njo lugha ya zamani imebaki, maneno ya Kibangubangu, Kikusu au Kizimba ambayo hata msimulizi anasema, “Sisi tulikuta wanaimba vile.” Hadithi yenyewe imehamia Kiswahili, lakini wimbo umekataa kuhama. Kwa mwanahistoria, ile ni tabaka la chini kabisa la udongo: linakuambia hadithi ilitoka wapi na ilipita kwa nani.

Na mbinu za wale kina mama ni tofauti na za Tippu Tip. Yeye anasimulia kutoka mbele ya msafara. Wao wanasimulia kutoka nyuma: mtoto aliyepotea njiani, ndege anayepeleka habari kwa mama, mtu aliyefungwa anayeimba ili ndugu zake wamjue kwa sauti. Siwezi kuthibitisha kwamba kila hadithi ya namna hii inatoka wakati wa misafara. Nyingine ni za zamani zaidi. Lakini jiulizeni, kwa nini hadithi za mtu anayetambuliwa kwa wimbo zinapendwa sana mahali ambapo watu wengi walichukuliwa?

Moto wetu tunaujua. Vita vimepita Kabambare na Kasongo mara nyingi, watu wamekimbilia msituni, vijiji vimehama. Mzee anafariki kwa malaria ya kawaida, na hakuna aliyemuuliza.

9. Tufanye nini?

Sisemi tumtupe Tippu Tip. Kinyume chake: asomwe shuleni kwetu, kwa Kiswahili chake, na wanafunzi wafundishwe majina ya mbinu zake, tanakali, kejeli, hadithi ndani ya hadithi, kusema kidogo, orodha, ukimya. Kijana akijua mbinu hizo hadanganywi haraka. Si na kitabu cha zamani, si na mwanasiasa anayekuja leo kutuambia, “Mimi ni mjukuu wenu niliyerudi nyumbani.” Hadithi ya mjukuu aliyerudi imeshinda nchi mara moja. Tusiiachie ishinde tena bila maswali.

Na kwa wale wa lisansi wanaotafuta kichwa cha TFC: acheni kunakili vichwa vya wenzenu. Kila mmoja wetu ana simu. Keti na bibi yako. Omba ruhusa yake kwanza. Rekodi hadithi nzima, usimkatize. Andika alisimulia wapi, lini, kwa lugha gani, aliisikia kwa nani. Wimbo uandike kwa lugha yake, hata kama huelewi neno. Andika pia watoto waliitikia nini, kwani kiitikio ni nusu ya hadithi. Halafu muulize yeye mwenyewe anaita nini kila sehemu: mwanzo, wimbo, fumbo, mwisho. Majina atakayokupa njo istilahi zetu za fasihi, zilizokuwapo kabla ya sisi kwenda chuo. Usiweke jina la kigeni pale ambapo bibi ana jina lake.

Tippu Tip alikaa chini mwishoni mwa maisha yake, akasimulia, na mtu mmoja akaandika. Ndiyo maana zaidi ya miaka 120 baadaye bado tunabishana kwa maneno yake. Waliotembea nyuma ya msafara wake nao walisimulia, kila jioni, kwa watoto wao. Kilichokosekana ni mwandishi tu, na safari hii mwandishi yupo: sisi tuliosoma, tena tunaelewa lugha.